Dawa ya Jioni Isikose: Wito kwa Wakaaji wa Butembo na Beni

Wakaaji wenzangu wa Butembo na Beni, na ninyi wa Oicha, Kasindi na Lubero, ninawaandikia kwa ajili ya mtoto mdogo anayeanguka kifafa, na kwa ajili ya mama yake ambaye usiku hashibi usingizi kwa kusikiliza pumzi za mtoto huyo. Yuko katika avenyu yenu hata kama hamjamwona, maana watoto wa namna hii hufichwa. Wageni wakija anapelekwa chumba cha ndani. Jumapili anabaki nyumbani na dada yake. Ana miaka mitatu au minne, na juu ya kifafa ana mengine ambayo bado hakuna aliyeyatambua: hajatamka neno, au anaburuta mguu mmoja, au anatapika siku kadhaa kila mwezi pasipo homa, au alianza kutembea kisha akaacha.

Wazazi wake wana mambo mawili mabegani. La kwanza ni kule kuanguka, na hilo lina dawa ya bei nafuu ambayo madaktari wanaitumia tangu mwaka 1912. La pili ni kutojua: nini hasa kimempata mtoto huyu, kilianzia wapi, kitamfikisha wapi. Hilo hapa kwetu linaweza kukaa miaka bila jibu. Ninachowaomba ni kwamba la pili lisizuie la kwanza. Mtoto ameze dawa yake kila siku kwa saa yake wakati sisi tukiendelea kutafuta, na asiikose kwa sababu ya vita, umaskini, haya wala maneno ya watu. Mzazi peke yake hawezi kulilinda hilo. Avenyu nzima inaweza.

Njia wanayopita wazazi hawa mnaijua. Mtoto anakakamaa mara ya kwanza akiwa na homa. Kituo cha afya kinampima malaria na kumtibu malaria, na mara nyingi wako sawa, kwa kuwa degedege la homa huwapata watoto wengi kati ya miezi sita na miaka mitano, na wengi wao huachana nalo wakikua. Kisha anaanguka bila homa. Anaanguka tena. Zahanati ya pili inasema ni taifodi, ya tatu inasema minyoo. Bibi anashauri aende kwa mtu wa kuchanja chale. Jirani anajua chumba cha maombi ambako mtoto wa fulani alipona. Mjomba aliyeko Kasindi anasema vukeni Mpondwe, Uganda wana mashine. Kiwanja kinauzwa, au mbuzi, au mtaji wa mama wa kuuzia ndizi sokoni. Na karibu kila anayewapokea huanza kwa kusema: acheni yale mliyopewa kule. Hapo ndipo mtoto anapoumia zaidi, kwa sababu dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, kuanguka hurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na kunaweza kufuatana bila mtoto kuzinduka hadi afe.

Simlaumu mzazi anayezunguka hivyo. Anatafuta mtu wa kumwambia ukweli, na hakuna anayeweza kutulia wakati mwanawe anabadilika rangi mikononi mwake. Ila tumwambie mapema lile ambalo wengi wanalijua kwa kuchelewa: daktari anaweza kuanza kuzuia kifafa kabla hajajua kila kitu kuhusu mtoto. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu kama milioni 50 wenye kifafa duniani, karibu wanane katika kila kumi wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Shirika hilo hilo linasema kwamba hadi asilimia 70 ya wagonjwa wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo, na kwamba dawa za kila siku zinaweza kugharimu kiasi kidogo cha dola 5 kwa mwaka. Hata hivyo, katika nchi maskini wagonjwa watatu kati ya wanne hawapati matibabu wanayohitaji.

Wazazi wengi wanaamini kwamba bila mashine ya kusoma umeme wa ubongo hakuna kitakachofanyika. Mashine hiyo inasaidia, na ni adimu huku kwetu, sawa na picha za ubongo. Lakini kinachomwongoza daktari kwanza ni masimulizi ya aliyeona. Kuanguka kulianza upande gani wa mwili? Macho yaligeukia wapi? Kulichukua muda gani? Alikuwa macho au usingizini? Alilia mara tu alipozaliwa, au alikaa kimya na wakunga wakahangaika naye? Aliwahi kuugua malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo? Daktari akishapata majibu haya, na akimpima mtoto kwa mikono na macho yake, amekwisha kwenda mbali.

Wanaosali wanaikumbuka Injili ya Marko, sura ya 9, yule baba aliyemleta mwanawe anayeanguka, anayetoka povu, anayetupwa motoni na majini. Kabla ya kumponya, Yesu alimwuliza baba huyo jambo hilo limempata mtoto tangu lini. Baba akasimulia, akasikilizwa, wala hakuulizwa ni dhambi gani ya ukoo iliyoleta hayo. Ningependa kila muuguzi na kila mchungaji wa kwetu aanzie hapo. Na sasa tuna kitu ambacho baba yule hakuwa nacho: simu. Mmoja amwangalie mtoto, mwingine apige video ya dakika moja. Najua inaonekana kama ukatili kumpiga picha mtoto katika hali ile. Video hiyo haiendi kwenye makundi ya WhatsApp. Inaonyeshwa daktari peke yake, na inaweza kumwokolea mtoto miezi ya kutibiwa ugonjwa asio nao.

Dawa inayopatikana zaidi kwetu ni fenobabito, ile wengi mnayoijua kwa jina la Gardenal. Baadhi ya watoto wanapewa Tegretol au Depakine. Kuna mambo machache ambayo mzazi angepaswa kuelezwa siku ya kwanza, na mara nyingi haelezwi. Kipimo cha dawa kinafuata kilo za mtoto, kwa hiyo mtoto akinenepa na kurefuka, kidonge cha mwaka jana hakimtoshi tena. Wengi wanadhani dawa imeshindwa, kumbe ni mtoto aliyekua. Gardenal inaweza kumfanya asinzie siku za mwanzo, na watoto wengine inawafanya wasitulie, warukeruke, wagome kulala. Mama akiona hivyo arudi kwa muuguzi kipimo kiangaliwe, asiikate mwenyewe. Ila akiona vipele mwilini pamoja na homa au vidonda mdomoni, asingoje kesho, aende hospitali siku ile ile na dawa mkononi. Na mtoto akikaa mwaka mzima bila kuanguka, hiyo ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Siku ya kuiacha atasema daktari, na itaachwa polepole.

Sasa niseme juu ya vita, kwa sababu kwetu huwezi kusema juu ya kidonge bila kusema juu ya barabara. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanauawa na waasi wa ADF katika vijiji na mashamba yao, na kila mauaji yanasukuma familia kuelekea Oicha, Beni na Butembo. Kusini, tangu Goma iingie mikononi mwa waasi wa M23 mnamo Januari 2025, mgonjwa wa Lubero aliyezoea kwenda kutibiwa katika kituo cha Tulizo Letu kule Goma ana mstari wa vita mbele yake. Hapa Butembo tuna CEPIMA, kituo kinachopokea wagonjwa wa akili na wa kifafa, na tuna hospitali kuu za Kitatumba na Katwa. Hivyo vinabeba mzigo wa watu waliokuja kutoka pande zote. Lakini mtoto aliyekimbizwa usiku kutoka kijijini hafiki na dawa. Chupa ilibaki kwenye kirago, au juu ya ukuta, au ilipotea msituni.

Ninyi mnaopokea wakimbizi majumbani, na ni wengi wenu, kwa kuwa waliokimbia wengi wanalala kwa ndugu na marafiki: nawasihi mwulize mama mgeni, faraghani na kwa upole, kama kuna mtoto anayekunywa dawa ya kila siku. Hatasema mwenyewe. Anaogopa mtamtoa nyumbani mkijua. Huenda anamfunika mtoto kwa kitenge usiku ili msisikie. Mkimwuliza kwa wema, kesho yake atakwenda kituo cha afya badala ya kungoja mtoto aanguke mbele ya watoto wenu. Nanyi wazazi mnaoishi mahali ambapo risasi zinaweza kulia wakati wowote, fungeni dawa ya wiki mbili pamoja na karatasi yenye jina la dawa na kipimo chake ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko huo ukae mahali ambapo mkono unafika gizani.

Kuna hofu moja ambayo lazima iondoke kati yetu: kwamba kifafa kinaambukiza kwa mate au kwa ule mkojo unaomtoka mgonjwa. Si kweli, na hofu hiyo imechoma watu wengi. Kule Mahenge, kusini mwa Tanzania, daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alikuta wagonjwa wakiishi kando, katika vibanda vyao, wengi wana makovu makubwa ya moto, kwa sababu mtu akiangukia jikoni hakuna aliyethubutu kumgusa amvute. Aliwapa fenobabito, akarudi, akawapa tena. Watu walioonekana wamekwisha wakarudi mashambani. Makovu yale ya Mahenge yapo pia Butembo, kwa kuwa hapa tunapikia mbabula, jiko la makaa, na mbabula hukaa chini, kimo cha mtoto. Jirani, kama una matofali mawili matatu yaliyobaki ya ujenzi, mpelekee mama huyu ainue mbabula yake. Ni zawadi isiyo na gharama.

Na mtoto akianguka mbele yako, mlaze ubavu. Weka kitu laini chini ya kichwa, kitambaa, koti, hata kiganja chako. Legeza nguo shingoni. Sogeza moto, maji na mawe. Usimtie kijiko mdomoni, usimmwagie maji, usimfukizie vitunguu wala petroli, usimkandamize. Angalia saa. Wengi hutulia wenyewe kabla ya dakika tano. Dakika tano zikipita, au akianguka tena kabla hajazinduka, ni dharura ya hospitali, na hapo ndugu zangu wa motari, waendesha pikipiki, ninyi ndio gari la wagonjwa la mji huu. Msigome kumbeba kwa kuogopa povu. Mpakieni mama na mtoto, bei mtaizungumza mkifika. Vituo vya afya navyo viwe na diazepamu ya kuingizwa njia ya haja kubwa, na muuguzi wa zamu ya usiku ajue mahali ilipo bila kutafuta ufunguo.

Mtu ataniambia hatuna uwezo wa kufuatilia wagonjwa wote hawa. Mimi nakumbuka tuliyoyafanya. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ikianzia Mangina, na haikutangazwa kwisha hadi tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imeua watu 2,287. Miaka ile haikuwa ya kuaminiana. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na tarehe 19 Aprili mwaka huo Daktari Richard Mouzoko, mwana wa Kamerun aliyekuja kutuhudumia, aliuawa katika Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben. Lakini ni sisi pia, vijana wetu, maRECO wetu (wahudumu wa afya wa jamii) na machifu wa avenyu, tuliopita nyumba kwa nyumba tukifuatilia kila aliyekutana na mgonjwa kwa siku 21, na watu zaidi ya 300,000 wakachanjwa. Watu walewale wapo. Njia wanazijua, milango wanaijua, na wamejifunza kwa uchungu jinsi ya kubisha hodi bila kutisha.

Naomba zoni za afya za Butembo, Katwa, Beni, Oicha na nyinginezo ziwape kazi hii: kila RECO ajue watoto wenye kifafa katika eneo lake, awatembelee mara moja kwa mwezi, aulize swali moja tu la lazima, dawa imebaki ya siku ngapi? Orodha hiyo ibaki kwa muuguzi mkuu wa kituo, isisomwe kanisani, isibandikwe ukutani. Mtoto atakayekosa dawa ajulikane kabla hajaanguka. Na kwa kuwa maRECO watakuwa wanaingia nyumbani, waseme pia juu ya chandarua, juu ya kuzalia katika kituo cha afya, juu ya choo na kunawa mikono, kwa sababu mayai ya tegu ya nguruwe hupita kwenye kinyesi na mboga chafu hadi kwenye ubongo wa mtoto, na juu ya Mectizan ya usubi kwa wanaoishi karibu na mito yenye maporomoko. Takriban robo ya visa vya kifafa duniani ingeweza kuzuiwa.

Wafanyabiashara wa Butembo, mji huu mmeujenga wenyewe wakati serikali ilikuwa mbali. Mnaleta makontena kutoka Dubai na China, mnajua kila karatasi ya forodha. Fenobabito ni dawa inayosimamiwa chini ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971, kwa hiyo kuiagiza kunataka vibali, na duka dogo la dawa haliwezi kuvihangaikia kwa faida ya senti chache. Ninyi mnaweza kukaa na maaskofu, wachungaji, wafamasia na waganga wakuu wa zoni, mkahakikisha akiba ya miezi sita ipo katika miji hii miwili, ya dawa halisi, kwa bei iliyoandikwa. Hiyo ni hesabu ndogo kwenu.

Na mama zetu wa AVEC, vikundi vya akiba na mikopo, mnaokutana kila wiki na kuweka mfuko wa msaada kwa ajili ya misiba na uzazi: ongezeni mstari mmoja, dawa ya kifafa ya mtoto wa mwanachama. Mwenzenu asilazimike kuchagua kati ya unga na kidonge wiki ambayo soko limefungwa kwa mgomo.

Wachungaji na viongozi wa vyumba vya maombi, mwombeeni mtoto, mwekeeni mikono, na dawa yake ya jioni aimeze mbele yenu. Msimfungishe wala msimkeshe mtoto mwenye kifafa, kwa kuwa njaa na kukosa usingizi huweza kumwangusha. Mkisimama madhabahuni mkasema maneno hayo mara moja, mtakuwa mmefanya zaidi ya makala kumi kama hii. Walimu, mtoto huyu naye ana haki ya elimu ya msingi ya bure iliyoanza mwaka 2019. Mwekeni karibu, wafundisheni wenzake kumlaza ubavu badala ya kukimbia. Nanyi akina baba: mama huyu ameambiwa na ukoo kwamba tatizo limetoka kwao. Baba akisema mbele ya wazee, mtoto huyu ni wangu na ugonjwa huu ni wetu, nyumba inapumua. Shangazi naye aje kulala na mtoto usiku mmoja katika wiki, mama apate kulala.

Mama, baba, wewe unayengoja jibu ambalo halijaja: kutokujua hakukufanyi mzazi mbaya. Inawezekana jibu litapatikana mwaka ujao, inawezekana litapatikana kwa daktari ambaye leo bado ni mwanafunzi pale Graben, na inawezekana lisipatikane. Kwa sasa nenda kituo cha afya kilicho karibu, au CEPIMA kama unafika. Chukua kadi ya chanjo, paketi za dawa zote alizokwisha kumeza hata zile tupu, daftari lenye tarehe na saa za kila kuanguka, na simu yenye ile video. Taja na yale mengine yasiyo na jina, kutosema, mguu, matapishi, hata kama hukuulizwa, na omba yaandikwe kwenye faili. Uliza dawa inatakiwa urudi kuichukua tarehe ngapi. Na umchukue jirani mmoja uende naye, akusaidie kusikia.